Milima ya Plasta, Miti ya Waya: Rekodi za Reli Ndogo Duniani

Kwenye maghala ya zamani ya bandari ya Hamburg, Ujerumani, kuna mahali ambapo jua huzama kila baada ya dakika 15. Taa za dari hufifia polepole, anga hugeuka zambarau kisha buluu iliyokolea, na madirisha ya nyumba zinazotoshana na kikombe cha chai huanza kuwaka, moja hapa, mawili kule, mpaka mji mzima unameremeta. Treni ya abiria inachomoza kwenye handaki, taa zake zikimulika reli. Wageni waliokuwa wakipiga soga wananyamaza. Kila mmoja wao anajua kwamba mlima ule ni plasta, lakini jicho limeshakubali.

Makala haya yanawahusu watu waliofanya jicho likubali. Nimekusanya rekodi zao za ukubwa, urefu, umri, udogo, na hata za uchafu, na naomba niseme mapema kwamba machoni pangu rekodi hizo hazilingani. Rekodi ya mita hupatikana kwa fedha na subira. Rekodi ya uhalisia humtaka mtu akae mbele ya ukuta mkuukuu wa stesheni, autazame kwa saa nzima, ndipo ashike kisu na gundi.

Tuanze na mkubwa wao. Mahali hapo pa Hamburg panaitwa Miniatur Wunderland, na ndipo penye rekodi ya Guinness ya reli ya mfano iliyo kubwa kuliko zote duniani. Wazo lilizaliwa mwaka 2000. Frederik Braun alikuwa matembezini Zürich, Uswisi, akaingia kwenye duka la treni za mfano, akatoka akampigia simu pacha wake, Gerrit. Desemba ya mwaka huohuo kazi ilianza, na tarehe 16 Agosti 2001 milango ikafunguliwa. Leo reli zake zina zaidi ya kilomita 15, treni ni zaidi ya 1,000, miti inapita 130,000 na watu wadogo wanapita 260,000. Skeli ni 1:87, ile ambayo mafundi wa kazi hii huiita HO, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87. Mtu mzima anabaki na kimo cha sentimita 2. Na kila mmoja wa wale 260,000 aliwekwa mahali pake kwa mkono.

Lakini hesabu ya kugawanya kwa 87 ina mtego, na mtego huo ndio unaotenganisha fundi na mpanga vinyago. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Ugawanye kwa 87, utapata karibu mita 68, na hakuna ghala litakaloubeba. Milima ya Uswisi ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2007, ina karibu mita 6 tu, na hata hiyo ilibidi sakafu ikatwe ili vilele vipenye hadi ghorofa ya juu. Mbona basi mtu akiinua macho anahisi amesimama chini ya Alpi? Kwa sababu mafundi hawakuupunguza mlima, wameufupisha. Bonde wameliacha na upana wake wa kuaminika, kisha wakaubana mteremko wa katikati, ule ambao jicho haliukumbuki. Miti ya mbele ni mikubwa, ya nyuma midogo. Rangi za karibu zimekolea, za mbali zimepauka na kuingiwa na buluu, kama milima inavyoonekana kweli asubuhi yenye ukungu. Aliyewahi kuitazama Usambara akiwa barabarani Korogwe hahitaji kufundishwa jambo hili.

Mlima wenyewe unajengwaje? Njia iliyozoeleka ni hii. Unasimamisha mbao au vipande vya povu gumu kwa umbo unalotaka, juu yake unatandaza wavu mwembamba wa kuku, kisha unafunika kwa vitambaa au magazeti yaliyochovywa kwenye uji wa plasta. Ukikauka, una ngozi nyepesi na ngumu. Miamba humiminwa kando, kwenye kalibu za mpira zilizokandikwa juu ya jiwe halisi, ndiyo maana nyufa zake ni nyufa za kweli. Asiye na kalibu huikunja karatasi ya alumini ya jikoni, huikunjua nusu, na kumimina plasta humo. Halafu inakuja hatua ambayo mimi huiona kama muujiza. Rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi inapakwa juu ya mwamba mzima. Inateleza kwenye sehemu zilizochomoza na kutuama kwenye nyufa. Ikikauka, unachukua brashi yenye rangi ya kijivu cheupe, unaifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kukauka, kisha unaipitisha juu juu. Ncha za mwamba tu ndizo zinazoipokea. Kwa mapigo machache hayo plasta inageuka kuwa mlima uliopigwa na jua kwa miaka elfu.

Hamburg ina rekodi nyingine za kazi, na zinanigusa kuliko ile ya kilomita. Uwanja wa ndege wa mji wa kubuni wa Knuffingen ulifunguliwa tarehe 4 Mei 2011 baada ya miaka 6 ya kazi na gharama ya Euro milioni 3.5. Ndege zinatembea zenyewe hadi kwenye njia ya kurukia, zinashika kasi, zinainua pua na kuondoka. Sehemu ya Italia, iliyofunguliwa Septemba 2016, ilikula saa za kazi 180,000. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie wa mjini humo, mfano wake ulizinduliwa mwaka 2013, wakati jengo lenyewe halisi lilikuwa bado linajengwa na lilikuja kufunguliwa Januari 2017. Na mwaka 2021, wageni walipokuwa wamezuiwa na janga la Korona, mafundi walipanga glasi zenye maji kandokando ya reli ya mita 211, na treni ikazigonga moja baada ya nyingine ikipiga vipande vya muziki wa kale wa Ulaya, noti 2,840 kwa jumla. Guinness wakaiandika kuwa ndiyo tuni ndefu kuliko zote zilizowahi kupigwa na treni ya mfano.

Kule Flemington, jimbo la New Jersey, Marekani, kuna rekodi ya aina nyingine: kazi ya ndoto ya mtu mmoja. Bruce Williams Zaccagnino alianza na reli kwenye chumba cha chini cha nyumba yake miaka ya 1970, ikawa haikai, akaipanua, ikawa bado haikai. Mwaka 1996 akafungua Northlandz, jengo la kuihifadhi reli yake, lenye takriban kilomita 13 za reli, madaraja yapatayo 400 na magenge yanayofika karibu mita 10 kwenda juu. Kwa miaka Guinness waliitambua kuwa kubwa kuliko zote, kabla ya Hamburg. Sisemi kwamba kila nyumba ya Northlandz inadanganya jicho kama zile za Hamburg. Nyingine zinaonyesha wazi kuwa zilijengwa upesi. Lakini madaraja yake, marefu, ya vijiti vilivyosukwa kama tenga, yakivuka korongo lenye kina cha ghorofa kadhaa, yana utisho wa kweli. Ukitazama treni ikipita juu yake unashika pumzi.

Kwa urefu wa safari hakuna aliyewafikia wapenzi wa reli walioungana Scotland mwaka 2017. Kwa ajili ya kipindi cha televisheni walitandika reli yenye upana wa milimita 32 kutoka Fort William hadi Inverness, maili 71, yaani takriban kilomita 114, na kichwa kidogo cha treni kiitwacho Silver Lady kikaimaliza njia. Kabla yao, James May, mtangazaji wa Uingereza, alishindwa mwaka 2009 kuipeleka treni yake kutoka Barnstaple hadi Bideford, karibu kilomita 16, akarudi mwaka 2011 na kufanikiwa. Safari hizo hazikuhitaji mandhari ya kubuni. Nyasi zilikuwa nyasi, mvua ilikuwa mvua, na treni ndiyo iliyoonekana ngeni. Nazitaja kwa sababu rekodi ni rekodi, lakini si somo letu.

Mkongwe wao yupo Beaconsfield, Uingereza. Kijiji cha Bekonscot kilifunguliwa mwaka 1929 kwenye bustani ya mhasibu wa London, Roland Callingham, na ndicho kijiji cha mfano cha zamani kuliko vyote duniani. Inasimuliwa kwamba mkewe alimwambia achague, ama reli ya ndani ya nyumba iondoke, ama aondoke yeye mke. Reli ikahamia bustanini, na kijiji kikaota kuizunguka. Kwa miongo mingi watunzaji walikuwa wakiongeza vitu vya kisasa kila vilipotokea, hadi miaka ya 1990 walipoamua kukirudisha kijiji chote kwenye miaka ya 1930. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Mandhari isiyojua ni ya mwaka gani haiaminiki: gari la mwaka 1985 likiegeshwa kando ya treni ya mvuke, jicho linaikataa picha nzima hata kama mtu hajui kwa nini.

Sasa nifike kwa yule ninayemheshimu kuliko wote. Mwaka 1925 kijana wa Australia, Roye England, alishuka Uingereza na kuyapenda mabonde ya kusini mwa Oxford, hasa eneo liitwalo Vale of White Horse. Aliona nyumba za wakulima zenye mapaa ya nyasi zikibomolewa au kubadilishwa sura mbele ya macho yake. Hakuwa na uwezo wa kuzizuia zisibomolewe. Akaamua kuzipima, kuzipiga picha na kuziunda upya kwa skeli ya 1:76, nyumba kwa nyumba, kama zilivyokuwa kati ya vita viwili vikuu. Mwaka 1954 akaanzisha Makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham, na mpaka leo, miaka mingi baada ya yeye kufariki, watu wa kujitolea bado wanaijenga kazi hiyo.

Isogelee nyumba moja ya Pendon. Ukuta wake ni kadibodi. Kila tofali limechorwa kwa ncha kali, kisha limepakwa rangi ya maji peke yake, maana hakuna matofali mawili yaliyotoka tanurini na rangi moja. Paa la nyasi limebonyea kidogo katikati, kama mapaa ya zamani yanavyochoka. Bustanini kuna kabichi zenye majani yaliyokatwa moja moja kwa karatasi. Nyumba moja ya namna hiyo inaweza kumla fundi miezi, hata miaka. Pendon haina rekodi ya Guinness ninayoijua, wala haihitaji. Mimi naitawaza: hakuna reli ya mfano nyingine iliyo mwaminifu kwa mahali pake kama hii. Ndani ya makumbusho hayo pia imehifadhiwa reli ya Madder Valley ya John Ahern, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuichukulia reli ndogo kama sehemu ya nchi nzima yenye mitaa, bandari na vilima, na siyo treni inayozunguka mezani.

Kutoka kwa mwaminifu twende kwa bingwa wa uchafu, na hapa neno uchafu ni sifa. Mpaka katikati ya karne ya 20, modeli nyingi za treni ziling'aa kama zimetoka dukani. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, aliona kasoro iliyokuwa mbele ya macho ya wote: treni halisi ya mvuke ni chafu. Ina masizi, kutu, matope, mafuta yaliyochuruzika, chokaa iliyoachwa na maji. Akaanza kuyazeesha mabehewa yake kwa makusudi, kuzipindisha mbao za kibanda, kuliacha pengo mahali ubao ulipodondoka. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilikuwa na milima iliyoanzia sakafuni hadi kugusa dari, na vioo vilivyofichwa kwa ustadi mpaka mtaa mfupi ukaonekana hauna mwisho. Kwa kuwa alikuwa mpiga picha, alijua mwanga unachotaka, na picha zake magazetini ziliwabadilisha mafundi wa kizazi kizima.

Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye nyumba yake ilishika moto, na kazi ya takriban miaka 20 ikaungua karibu yote. Kati ya rekodi zote za fani hii, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na wengi wetu tunaijua Gorre & Daphetid kwa picha tu.

Aliyeichukua kazi hiyo na kuipeleka mbali zaidi ni George Sellios wa Peabody, Massachusetts. Mwaka 1985 alianza kujenga Franklin & South Manchester, mji wa Marekani wa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kuta zake zimejaa matangazo yaliyobambuka, nyuma ya kila duka kuna mapipa, makreti na magurudumu yaliyotupwa, na juu ya mapaa kuna viraka vya lami. Baadhi ya wapenzi husema amezidisha, kwamba hakuna mtaa wenye takataka nyingi kiasi hicho. Mimi siafikiani nao. Mtaa wenye njaa ndivyo ulivyo: hakuna kinachotupwa mbali, kwa kuwa kesho huenda kikahitajika.

Kwa udogo nitapita haraka. Märklin ya Ujerumani ilitoa skeli ya Z, 1:220, mwaka 1972, na reli yake ina upana wa milimita 6.5. Baadaye Wajapani wakatoa skeli ya T, 1:450, reli milimita 3, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote zinazouzwa madukani. Mtu katika skeli hiyo hafiki milimita 4. Ni ustadi wa kushangaza, lakini kwa udogo huo mandhari inakuwa rangi na umbo tu. Ukuta hauwezi tena kusimulia habari zake.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuna nafasi gani katika haya? Nafasi ni kubwa kuliko tunavyodhani, na si kwa sababu ya fedha. Angalia vifaa vyenyewe. Mti mzuri huanza na waya wa shaba uliotolewa kwenye kebo kuukuu ya umeme, ukasokotwa kuwa shina na kutawanywa kuwa matawi. Mtoto wa Kiafrika aliyeunda gari la waya lenye magurudumu ya vizibo ameshafuzu nusu ya kazi hiyo. Majani ni sponji iliyosagwa na kutiwa rangi, au vumbi la mbao. Udongo ni udongo: unachota, unachekecha, unauweka kwenye oveni ili wadudu wafe, kisha unapitisha sumaku juu yake, kwa kuwa punje za chuma zikibaki zitanaswa na mota ya treni na kuiua. Kwa udongo mwekundu kama wa Voi, pitisha sumaku mara mbili. Kokoto za reli, zikigawanywa kwa 87, ni mchanga mwembamba. Unautandaza kati ya mataruma kwa brashi laini, unaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo unadondosha gundi nyeupe iliyozimuliwa. Bila lile tone la sabuni, gundi inajikusanya juu kama umande na kuusogeza mchanga wote. Ukiliweka, inazama kimya hadi chini.

Na tunazo rekodi za kuigizwa. Injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli yenye upana wa mita moja zilikuwa zetu: zile Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250 na jina la mlima wa ukanda huu. Urefu wake, karibu mita 32, unakuwa sentimita 36 na ushei kwenye HO. Reli yake ya mita moja inakuwa karibu milimita 12. Ile ya SGR, reli mpya ya upana sanifu, inakuwa milimita 16.5, sawasawa na reli ya HO inayouzwa kila duka la treni za mfano duniani. Njia ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ina Bonde la Ufa. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina stesheni ya Kijerumani inayotazama ziwa. Sijaona bado mandhari ya mfano inayolifanyia haki Bonde la Ufa wala stesheni ile, na natamani kuiona.

Basi, kabla hujanunua hata kipande kimoja cha reli, fanya kama alivyofanya Roye England. Nenda kwenye stesheni ya zamani iliyo karibu nawe, omba ruhusa kwa stesheni masta, uwe na futi, penseli na daftari. Pima upana wa mlango na kimo cha dirisha. Hesabu bati za paa. Piga picha pale rangi ilipobambuka na pale moshi ulipoacha weusi ukutani. Baadhi ya majengo haya hayatakuwepo miaka kumi ijayo, na bila vipimo hakuna atakayeweza kuyajenga tena, makubwa wala madogo. Aliye Nairobi aanzie Makumbusho ya Reli: Garratt namba 5918, Mount Gelai, ipo hapo, na kutu yake ni ya kweli.